Plani Iliyobaki Barieri

Alhamisi, Kashebere

Nisipoandika sitapata usingizi.

Vita ilifunga departema yetu ya usanifu majengo, meza zetu za kuchorea zikawa kuni za wakimbizi, na mwalimu akatuambia kila mumoja arudi kwao achore majengo kabla hayajabomolewa. Mimi nilichora kanisa la Mushaki. Sasa wakimbizi njo wanalala mule.

Leo kwenye barieri, pale wanafunga njia na kukagua magari, watu wenye bunduki walinishusha katika lori, wakakunjua ile plani, muchoro wangu wa kanisa.

"Unachorea nani?"

"Niko mwanafunzi."

"Masomo imefungwa. Unachorea nani?"

Mama Kavira, mwenye lori, akashuka polepole. "Huyu iko mutoto wangu. Hiyo ni depo yangu ya kuuzia bidhaa, nataka kuijenga Butembo."

Mukubwa wao akaweka kidole juu ya altari, pale padri anasomea misa. "Na hapa?"

"Kaunta," nikasema.

Akacheka, akaturuhusu kupita. Plani akabaki nayo.

Mama Kavira ananiambia nimushukuru Mungu, niko muzima. Nashukuru. Lakini jina la kanisa liko pale pembeni, nililiandika mwenyewe, yule mukubwa hakufika kulisoma. Na milango yote iko pale, hata ule mudogo wa nyuma ambao wamama na watoto wangekimbilia. Akiifungua tena na kusoma...

Simu ya padri wa Mushaki haiingii. Nimemuomba Mama Kavira anitafutie nafasi katika lori la kurudi Mushaki kesho, niwaonye watoke mule kanisani. Njia iko moja tu, na pale barieri sura yangu wanaijua.