Kaka yetu hajulikani alipo, na mdogo wangu anaandika hotuba kwamba hajambo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie haraka maana uongo nilioutunga kwa mapenzi umenishinda kuubeba, na Alhamisi ijayo utasomwa bungeni, tena si bunge letu, bunge la watu.

Mimi ni msusi, nina saluni ya chumba kimoja mbele ya nyumba yetu, naishi na mama, na tumezaliwa watatu: kaka yetu mkubwa tunayemwita Fundi kwa kuwa anatengeneza redio na spika, mimi, na kitinda mimba ambaye tangu anaota meno tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hakuna jambo aliloambiwa akalikubali bila mjadala. Mwaka jana Mheshimiwa akapata ufadhili wa kusomea siasa ng'ambo, ule ambao siku nyingine unakaa darasani na siku nyingine unakwenda ofisini kwa mbunge wa huko kujifunza kazi, unamtafutia taarifa, unamwandikia rasimu za hotuba, na mama aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, akasema kumbe miaka yote tukimnyamazisha huyu mtoto tulikuwa tunamzuia kazi.

Basi mshauri, hakukaa sana huko vijana wakaandamana hapa, na Fundi hakwenda popote, alikuwa kibandani kwake na rafiki yake wanaunganisha waya, ila spika waliyoitumia waandamanaji ni yeye aliyeitengeneza, na jioni ile wakaja watu na gari lisilo na namba, rafiki akaruka ukuta, akageuka kuchungulia, akamsikia Fundi anasema ngoja nivae viatu, nao wakamwambia uendako huhitaji viatu. Viatu vyenyewe viko chini ya kitanda cha mama. Polisi wanasema hawamjui mtu huyo, hospitali hayupo, mochwari tulikwenda, mama akabaki nje mimi nikaingia, na huko pia hayupo.

Mheshimiwa wakati huo alikuwa kwenye mitihani, mama akasema asiambiwe, mtoto yuko masomoni, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye simu nzuri nikageuka msemaji wa familia. Akipiga simu ya video namkalisha mama dirishani penye mwanga, nampaka poda kidogo chini ya macho, namwambia mama cheka, naye anacheka. Mheshimiwa akiuliza Fundi yuko wapi mbona hapatikani, namwambia yuko kibandani, si unamjua kaka yako akishika waya hasikii la mtu, na simu yake imekufa, fundi wa vya watu chake kibovu, tunacheka wote watatu. Mshauri, mimi huwa nacheka kweli, na hilo linanitisha kuliko yote.

Kuna jingine ambalo hata mama hajui. Yule rafiki alitoroka nchi, akafika huko huko aliko Mheshimiwa, na siku moja akanipigia akiomba namba yake, anasema hana mtu wa kumsemea na amesikia mdogo wetu yuko bungeni, nami nikamwambia amebadilisha namba nitakutafutia, sikumtafutia, kwa sababu nilijua akimpata atamwambia.

Sasa bunge la huko linajadili kama nchi yetu imetulia, ili waliokimbilia kwao warudishwe, na mbunge wa Mheshimiwa akamwambia wewe si unatoka kule, niandikie hali ilivyo. Juzi akanitumia sauti, furaha tele, "Dada sikiliza, nimewaweka humo ndani!" akaanza kusoma: "Kaka wa msaidizi wangu ni fundi wa redio. Kila asubuhi anafungua kibanda chake, na hakuna anayemsumbua." Ni maneno yangu, mshauri, yale yale niliyomlisha. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, nikamvuta nywele mpaka akapiga kelele.

Nilipomwambia mama kwamba sasa imefika mwisho, tumwambie, alinijibu bila kupandisha sauti: "Ukimwambia atarudi. Akirudi watamchukua. Unataka niweke jozi mbili za viatu chini ya kitanda? Basi fanya, ila usiniite mama tena." Nifanye nini? Nikisema nampoteza mdogo wangu na mama yangu, nikinyamaza sijui nampoteza nani, lakini najua kuna mtu.

Ni mimi,
Msemaji wa Familia


Msemaji wa Familia,

Pole. Pole kwa kaka yako, na pole kwa kile chumba ulichoingia peke yako mama akiwa nje. Nimekupa pole kwa moyo wote. Sasa kaa nikugombeze.

Kumficha habari mtoto aliye kwenye mitihani, wiki moja, wiki mbili, naelewa. Mitihani ikaisha, wewe ukaendelea. Ukawa hodari. Ukapata na mahali pazuri pa kumkalisha mama yako, na poda ukanunua, na vichekesho ukatunga. Yule mama angeweza kulia na Mheshimiwa hata kwa simu, ukamnyima. Na huyo rafiki! Yeye pekee ndiye aliyewaona waliomchukua Fundi, akakutafuta mwenyewe, nawe ukamzungusha kama mteja asiye na miadi. Hapo umenikera, sikufichi. Akirudishwa huyo, mtamuuliza nani tena?

Hofu ya mama yako si upuuzi. Mheshimiwa akirudi wanaweza kumchukua, siwezi kukuambia hawawezi. Lakini hebu jiulize: huo ufadhili hauna mwisho? Utakwisha, atafungasha, atarudi nyumbani na mazawadi, atashuka kwenye ndege anatazama huku na huku kwa nini Fundi hakuja kumpokea. Mnadhani mnamzuia asirudi. Mnachofanya ni kuhakikisha anarudi bila kujua anarudi wapi.

Kwa hiyo leo, si kesho, funga saluni. Mwambie mama unakwenda kumpigia mdogo wako. Usimwombe ruhusa, maana hatakupa, na yeye hana nguvu ya kukupa. Akikukataza kumwita mama, mwite hivyo hivyo. Na habari ya yule rafiki mwambie wakati huo huo, asije akaisikia kwa mwingine.

Ukimpata Mheshimiwa, muulize kwanza kama kuna mtu karibu naye. Kama hakuna, amtafute mtu, umsubiri. Kisha mwambie yote, na viatu mweleze. Mwambie asipande ndege, kwamba huko aliko ndiko anakoweza kumsaidia Fundi, hapa atakuwa mtu wa kutafutwa tu. Ile hotuba isiguswe na mtu mpaka amweleze mbunge wake ukweli. Mbunge akitaka kuusema huo ukweli ukumbini, asitaje redio wala saluni, na kabla ya siku hiyo wewe na mama muwe mmeshahamia kwa ndugu wa mbali. Namba ya yule rafiki mpe mara hiyo hiyo. Anahitaji wakili, na Alhamisi iko karibu.

Huenda mbunge akamkasirikia akamwondoa ofisini. Huenda akaisoma hotuba kama ilivyo, wapo wa namna hiyo kila bunge. Mheshimiwa mwenyewe atakuchukia, tena kwa muda, na hutakuwa na la kujitetea, utavumilia tu. Kwamba Fundi atarudi, hilo mimi siwezi kukuahidi, na atakayekuahidi mwogope.

Barua yako nimebadilisha mambo mawili matatu kabla ya kuichapa, jirani hatawatambua. Mheshimiwa angeitambua, ila magazeti yetu hayafiki huko, kwa hiyo usitegemee mimi nimwambie kwa niaba yako.

Ataanza na swali lake lile lile, Fundi yuko wapi. Safari hii usimpeleke kibandani. Mwambie hatujui. Usiongeze neno, na asipolia upesi usimchekeshe.