Gari la Hoteli Litatuchukua Matai

Arusha,
mwezi wa tano

Mume wangu Baba Deo,

Tumsifu Yesu Kristo. Nadhani umeitikia, hata kama umekaa peke yako hapo nje na barua mkononi. Kabla hujaendelea kusoma, mpe mama shikamoo yangu, umuulize na mguu unaendeleaje, maana kila nikimuuliza kwenye simu ananijibu kuwa ni mzima kama msichana, na mimi simwamini. Vene kikohozi kimeisha? Deo bado analalamika chakula cha bweni huko Sumbawanga, au ameshazoea? Na ulezi umesimamaje mwaka huu? Huwa nauota, nikiamka nasikia kabisa harufu yake ukipigwa.

Mimi sijambo. Mikono ina mikwaruzo ya miiba kama siku zote. Kifua kilinisumbua mwezi wa pili kwa ajili ya kuingia na kutoka kwenye chumba cha baridi tunakohifadhi maua, lakini kimepoa. Bati la chumba changu lilikuwa linavuja juu ya kitanda, nikawa nalala nimejikunja upande mmoja kama paka, mpaka mwenye nyumba alipokuja kuliziba. Sasa nalala nimenyooka.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, kwa sababu ile Jumapili tulipozungumza ulikata. Najua utasema ni mtandao. Mtandao wa Mwazye naujua, Baba Deo, na kukata kwako nakujua pia. Wewe ulisikia nusu ya habari tu, nayo ni nusu iliyokuudhi. Acha nikuhadithie yote tangu mwanzo.

Unamkumbuka Rehema niliyekutajia, yule binti wa Singida anayefunga waridi meza moja na mimi? Wakati wa mvua kubwa alikuwa na ujauzito, na siku zake zilikuwa bado. Asubuhi moja tukiwa katikati ya kazi akashika ukingo wa meza, akaniambia taratibu, kama mtu anayeomba maji, "Dada Ana, nadhani ni leo." Nikamtazama miguuni, nikaona maji yameshamwagika.

Gari la kampuni lilikuwa limepeleka maua uwanja wa ndege. Bodaboda hazifiki shambani mvua ikinyesha, ile barabara inakuwa tope tupu. Msimamizi wetu akasema tumlaze ofisini tusubiri gari lirudi, na sisi wengine turudi mezani kwa sababu kulikuwa na mzigo wa kuondoka mchana. Si mtu mbaya yule. Alikuwa ameogopa, na mtu akiogopa anashika lile analolijua. Lakini mimi nilimwona Rehema alivyoniangalia. Nikamkumbuka dada yako Skola, alivyosubirishwa gari siku ile ya uchungu wake mpaka likachelewa, na mimi na wewe tulivyorudi nyumbani kutoka Matai bila kusemeshana.

Nikashusha ndoo zote za maua kutoka kwenye toroli. Nikatandika maboksi, nikavua sweta langu, wenzangu nao wakavua yao. Tukampandisha Rehema. Msimamizi akaja mbio, akasema, "Anastazia, unakwenda wapi na toroli?"

Nikamjibu, "Barabarani."

"Na maua?"

"Maua yapo, bosi. Huyu ndiye asiyesubiri."

Tukalisukuma wanawake sita, tope linatufika kwenye magoti, mvua inatupiga usoni. Mahali pengine toroli lilizama ikabidi tulinyanyue yeye akiwa juu. Rehema hakupiga kelele hata mara moja, alikuwa anasali tu kwa Kinyaturu. Tulipofika kwenye lami tukasimamisha gari linalokusanya maziwa. Dereva alipoona tulivyo alihamisha madumu yake akatupeleka zahanati. Mtoto alizaliwa kabla nguo zetu hazijakauka. Ni msichana, ana nywele nyingi kama mkia wa kondoo.

Kesho yake nilipewa onyo la maandishi kwa kuacha kazi na kuwatoa wenzangu mezani. Maua mengi yalikuwa yamenyauka, mzigo ukachelewa. Nilitia saini. Nilikuambia juu juu tu wakati ule kwamba pana mgogoro kidogo kazini, ukaniambia nivumilie, nikavumilia.

Sasa, kila mwaka hapa wafanyakazi tunamchagua mwenzetu mmoja, na tajiri anamlipia mapumziko kwenye hoteli kubwa, yeye na mtu wake mmoja. Safari, chumba, chakula, vyote juu ya kampuni. Mwaka jana alikwenda fundi wa mabomba, akapelekwa Zanzibar, akarudi amenenepa. Mwaka huu tulipokusanyika, meneja alisoma jina langu. Nilidhani nimesikia vibaya. Rehema alikuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni, anapiga makofi mpaka mtoto akaamka akaanza kulia. Na ni meneja huyohuyo aliyesaini onyo langu ndiye aliyenipa mkono. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Onyo litabaki kwenye faili, Anastazia. Lakini nimefurahi." Nikamwambia hata mimi.

Kisha akatuonyesha picha za hoteli kwenye simu yake. Akasema safari hii si Zanzibar, tajiri ana rafiki mwenye hoteli ya kifahari kando ya Ziwa Tanganyika, kusini kabisa. Picha ya kwanza ilikuwa kitanda kikubwa chenye neti nyeupe. Ya pili bwawa la kuogelea. Ya tatu ilikuwa ule ukuta wa mawe, na nyuma yake milima inayoshuka ziwani. Baba Deo, nilikaa chini. Nikawaambia, "Hapo ni kwetu."

Hawakuamini. Mwajuma wa chumba cha baridi akasema, "Mtu anapewa likizo ya kitajiri, anapelekwa kwao? Kaombe wakubadilishie, mwenzangu, ukaione bahari." Wote wakacheka, nami nikacheka. Wengine wakanishauri niende na rafiki badala ya mume. Mmoja akasema mwanamume wa shamba atanitia aibu mezani, hatajua ashike uma upi. Hapo niliacha kucheka. Nilimwambia kwamba mume wangu ameshika jembe, ameshika watoto, amemshika na mama yake miaka yote ambayo mimi niko hapa nafunga maua ya watu, uma haumshindi.

Ndiyo maana nilikupigia simu nikiwa na furaha vile. Na wewe ukaniuliza, "Ile hoteli ya kule chini, karibu na Kasanga?"

"Ndiyo hiyo."

"Ule ukuta unajua nani alibeba mawe yake?"

"Najua. Ni wewe."

"Basi siendi kulala mahali nilipotolewa kwa mlango wa nyuma." Ukakata.

Nakumbuka, mume wangu. Deo alikuwa anajifunza kutembea. Ulikuwa unashuka huko kibarua juma zima, unarudi Jumamosi na mabega yamevimba, nakukanda kwa maji ya moto na chumvi, wewe unanielezea vyumba vitakavyokuwa. Ulikuwa unavieleza vizuri kuliko mwenye navyo. Uliniambia pana kibaraza kinatazama ziwa, na kwamba mtu akikaa pale jioni ataona mpaka upande wa Kongo. Kisha siku moja kabla ya ufunguzi wakawapanga vibarua wote, wakawatoa nyuma ili wageni wakifika wasiwakute. Hukurudi kuvizungumza tena vile vyumba. Na mimi sikukuuliza.

Sasa sikiliza na mimi ninavyoona. Mwenye hoteli wa sasa si yule, alinunua baadaye. Wafanyakazi ni wengine. Lakini hata wangekuwa walewale, nisingebadili nia. Sikuombi uende ukamwonyeshe mtu yeyote kitu. Nataka ukae kwenye kibaraza kile ulichonielezea, uagize chai, iletwe, uinywe ikiwa ya moto. Basi. Tangu nikufahamu sijakuona unakunywa chai ya moto umekaa, huwa unaimaliza umesimama, jembe begani.

Na kuna jambo jingine, nalo ndilo hasa. Miaka hii mimi na wewe tumekuwa kama watu wa ofisi moja. Tukipigiana simu ni mbolea, ni ada, ni mvua, ni dawa ya mama. Nikija Krismasi nyumba imejaa watu, napika, naosha, siku zinakwisha, tunaagana stendi kwa haraka kwa sababu basi linapiga honi. Sijui unacheka na nini siku hizi. Sijui kama bado unaimba ukikata kuni. Deo anamaliza kidato cha nne mwakani, na kuna swali nataka kukuuliza, kama nirudi nyumbani au tuendelee hivi kidogo. Swali hilo siwezi kukuuliza kwenye simu, maana ukinyamaza sitajua umenyamaza kwa namna gani. Nataka nikuone uso. Siku tatu, Baba Deo, hakuna kuku, hakuna mgeni, hakuna honi.

Nimepanga hivi, nawe uniambie kama kuna kasoro. Nimeomba tarehe za mwezi wa nane, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani na kabla ya kuanza kutayarisha mashamba. Wakati huo huko juu kwetu upepo unakata masikio, na kule chini ziwani ni joto, tutalala bila blanketi. Nitapanda basi la huku mpaka Sumbawanga, nilale kwa Mama Hawa, yule mwenye duka la vitambaa karibu na stendi. Ameshasema nisithubutu kulala gesti yeye akiwa hai. Kesho yake nifike Mwazye, nikae nyumbani siku mbili, nimsuke Vene nywele. Halafu mimi na wewe twende Matai. Gari la hoteli litatuchukua hapo stendi mchana kweupe, na jina lako litakuwa limeandikwa kwenye karatasi ya dereva, Severini, si langu tu. Nililitaja mimi mwenyewe kwa meneja, nikamtajia herufi mojamoja.

Mama atabaki na Vene, ameshakubali. Na hapa inabidi nikueleze kitu, naomba usimkasirikie.

Juzi mama aliazima simu ya katekista akanipigia. Alianza kwa kunisalimia kirefu sana, nikajua kuna jambo. Nikamwuliza, "Mama, kuna usalama?"

Akasema, "Usalama upo. Mumeo bado amenuna?"

"Amenuna, mama. Hataki kwenda."

Akasema, "Mimi sijui habari za hoteli. Ninachojua ni kwamba Jumatatu amechukua suruali yake ya harusi, amepeleka kwa fundi Matai kupanua kiuno. Nimemwuliza ni ya nini, ameniambia ya mazishi. Nikamwuliza nani amekufa, akaondoka."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Baada ya kucheka nikalia kidogo, nawe unajua mimi si mtu wa kulia. Mama akaendelea, "Na juzi nimemkuta anamwuliza mwenzake eti kule chini wageni wanakula na viatu au wanavua." Baba Deo, wanakula na viatu. Nimeuliza kwa ajili yako. Na maji ya bwawa yanafika kifuani tu upande mmoja, hata hivyo hakuna anayelazimishwa kuingia.

Kwa hiyo sitakusihi tena. Ukitaka kuendelea kununa mpaka mwezi wa nane, nuna, muda upo. Mimi nimeshamwambia meneja tunakwenda wawili.

Nisalimie shemeji Gaspari na mkewe, mwambie yule mtoto wao wa mwisho nimemshonea gauni, nitakuja nalo. Nisalimie katekista, na asante kwa simu yake, asimwambie mama kama bando lilikwisha. Wanakwaya wenzangu wa sauti ya pili uwaambie nyimbo mpya wanihifadhie. Mama Hawa ukipita Sumbawanga umsalimie yeye na watoto wake wote, barua hii imepitia mikononi mwake. Deo mwambie baba na mama yake watakuwa likizo, ajitahidi naye asituletee habari za kufukuzwa bweni. Vene mbusu kwa niaba yangu, kwenye lile shavu lenye kovu.

Na wewe ule vizuri. Kiuno kikiongezeka tena, fundi bado ana kitambaa.

Ni mimi mkeo anayekungoja,
Anastazia, Mama Deo