Ni Mimi, Mama

Jumatatu, 4 Machi

Wamenitoa damu tena. Safari hii ni kipimo cha vinasaba. Vipimo viwili vya manii vimetoa jibu lile lile: sifuri. Si chache — sifuri! Nafundisha hesabu darasa la kwanza, sifuri naichora ubaoni kila siku. Leo imenitisha. Majibu baada ya wiki tatu.

Miaka sita aliyepimwa ni mke wangu, mwenzangu. Mirija, homoni, picha za tumbo. Mimi nakaa benchi la nje, mzima wa afya, nasoma gazeti. Hakuna aliyeniambia niingie. Na mimi sikuuliza.

Jumatano, 13 Machi

Msichana wa dawati la mbele kang'oka jino. Kaniletea nilione, kalifunga kwenye karatasi ya daftari. Akauliza, Mwalimu, una watoto wangapi? Nikamjibu arobaini na saba, nyie wote. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Akasema hapana, wale wanaolala kwako.

Nikawaambia wafungue ukurasa wa kumi na mbili.

Jumapili, 17 Machi

Mama alikuja kutusalimia. Tumemaliza kula, akasema mbele ya mwenzangu, macho kwangu: wa rika lako wanapeleka watoto sekondari, wewe unasubiri nini? Mwanamume hafungwi na mlango mmoja.

Mwenzangu akakusanya sahani. Hata kijiko hakikugonga.

Nilikuwa na la kusema. Sifuri mbili ninazo kabatini, kwenye bahasha. Zikabaki humo. Mama alipoondoka nikamwomba mwenzangu radhi jikoni. "Nimezoea, Mwalimu," akasema, akaendelea kusuuza. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 25 Machi

Majibu yametoka. Tuliingia wote wawili.

Daktari ni mama wa makamo, ana sauti ya upole, haongei haraka. Kasema kwenye kromosomu Y, ile ya kiume, kuna kipande kidogo hakipo. Kipande hicho ndicho kinachosimamia utengenezaji wa mbegu. Nilizaliwa hivyo. Si ugonjwa niliouokota, si ujana wangu, si mkono wa mtu.

Nikauliza dawa. Hakuna dawa ya kurudisha kipande. Ila kwa upungufu wa aina yangu huenda mbegu chache zimejificha ndani ya korodani. Wanapasua kidogo, wanatafuta kwa hadubini. Wakizipata wanazigandisha, halafu wanachoma moja moja ndani ya yai la mke, maabara. Kwa nusu ya wanaume kama mimi hupatikana kitu. Nusu!

Kisha akasema la pili. Mtoto wa kike hatakuwa na shida hii. Wa kiume atairithi.

Mwenzangu akauliza, "Lakini atakuwa mzima?"

Mzima kabisa, akasema daktari. Akili, nguvu, kila kitu. Atakayoyakuta ukubwani ni haya haya ya baba yake.

Haya haya.

Jumanne, 26 Machi

Nimesahihisha madaftari yote, hata ya juzi.

Namtaka mtoto. Sijawahi kuliandika hili. Namtaka mtu wa kunivua viatu nikirudi kazini, avivae yeye, aburuze miguu sebuleni. Nimemwona akilini mara nyingi mno. Siku zote ni wa kiume.

Jumamosi, 30 Machi

Nimekwenda kwa mama. Mwenzangu alitaka kuja, akakaa nami barazani. Nikasema kabla sijanywa chai niliyopewa: "Tatizo si la huyu. Ni mimi, mama."

"Nani kasema?"

"Vipimo. Nimezaliwa nalo."

Nilijitayarisha kwa kelele. Mama akavua miwani, akaifuta kwa kanga, muda mrefu. Kisha kwa sauti ndogo: "Nilipokuwa na mimba yako, mwanangu, nilikosea wapi?"

Sikulitarajia hilo. Nikamwambia hakuna, mama, hakuna ulipokosea. Hakunisikia. Mwenzangu ndiye aliyehamia upande wake, akamshika mkono. Mama akamtazama kama mgeni. Akamwambia, "Na wewe miaka yote hii umeninyamazia."

"Ningesema nini, mama? Na mimi nilidhani ni mimi."

Walilia wawili. Mimi nilibaki na kikombe.

Alhamisi, 11 Aprili

Likizo. Fomu ya hospitali iko mezani tangu juzi. Swali la saba: viinitete vya kiume, yaani mimba changa za maabara, vikipatikana, vipandikizwe tumboni? Ndiyo au hapana.

Nikasema labda hapana. Kwa nini nimzae mtu nimkabidhi benchi lile la hospitali?

Mwenzangu akaweka pasi chini. "Ungeulizwa wewe kabla hujazaliwa, ungekataa?"

Nimefikiria darasa langu, mvua ya asubuhi, yeye mwenyewe na pasi yake.

Nimeweka alama kwenye Ndiyo. Kalamu imetoboa karatasi.

Jumatatu, 15 Aprili

Wamemaliza kunipasua. Ganzi inaisha, mwandiko unakwenda upande. Inauma, si sana.

Vipande vimepelekwa chumba cha pili. Kupitia kioo namwona mtaalamu, kijana wa kike, ameinamia hadubini. Daktari kasema hata tano zinatosha. Hata tano! Arobaini na saba ninao, naomba tano.

Mama yuko hapa, hakuna aliyemwita. Kajibanza na mkwewe kwenye kiti cha watu wawili.

Saa nzima sasa. Mtaalamu habadilishi mkao. Mara anageuza kitu kwa kidole, anarudi.

Ameinua kichwa. Amemwita daktari, naye ameinama kutazama. Wanaongea, kioo hakipitishi sauti. Daktari anavua glavu, anakuja mlangoni.

Mwenzangu amesimama kabla hajaitwa.