Fungu Langu la Kuzikwa

Ubaruku, Mbarali

Dada yangu Tumaini,

Kamwene, dada. Habari za Ilula, habari za nyanya na baridi ya asubuhi? Shemeji mgongo umemwachia? Sisi huku tunaamka, tunakula kinachopatikana, tunalala. Neema amekua, sasa kila neno la mama yake ana jibu lake, na tukimkaripia anasema atahamia kwa shangazi. Jiandae kumpokea mgeni asiyechagua chakula, ila anakula kingi.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako ikipokelewa wanasikia mpaka majirani, na Mama ndiye wa kwanza. Haya si ya kusikiwa na Mama. Barua nimempa dereva wa lori la mchele, yule anayesimama kwako kununua tenga la nyanya. Isome hapo hapo barabarani, usiende nayo nyumbani.

Kazi ipo, faida yake ndiyo siioni. Nashinda mashineni nikibeba magunia ya mpunga, na malipo ya gunia ni yale yale ya kabla Neema hajazaliwa. Vingine vyote vimepanda. Mafuta ya kula tunanunua ya kupima, na muuza duka siku hizi anapima kama anamimina dawa. Mchele tunaoukoboa wenyewe tunaupungia mkono tu ukipanda lori. Sisi tunakula chenga, punje zilizovunjika, na hata chenga sasa zimepata bei. Vumbi la pumba limenikaa kifuani, asubuhi nakohoa mpaka machozi yanatoka. Zahanati waliniambia nikapige picha ya kifua mjini. Nikauliza bei, nikawashukuru, nikarudi kazini.

Lakini linaloninyima usingizi ni shingo ya Mama. Uliponiambia rovu limekua mpaka anajifunga kitenge shingoni hata jua likiwaka, na kwamba akilala chali pumzi inatoka kwa kukoroma, nilianza kuhesabu tena kilichobaki cha kuuza. Daktari amesema likatwe kabla halijaziba njia ya hewa. Mbuzi tumeshauza, mbao alizoacha Baba tumeshauza, na vyote vimeishia kwenye vipimo na nauli. Upasuaji wenyewe hatujaukaribia.

Ulipokwenda kwenye chama chetu cha kufa na kuzikana, Mwenyekiti Kikoti akakujibu, "Binti yangu, hiki chama cha kuzikana, siyo cha kuuguzana." Na ulipomgusia Mama aombe fungu lake mwenyewe, akakufokea: "Msiguse sanduku langu! Mnataka nizikwe kama mbwa?" Nilimkasirikia Mama siku ile, dada. Mtu anakosa hewa, anawaza sanduku! Baadaye nikamwelewa, maana ndivyo alivyotulea. Kwetu mtu anaweza kuishi bila viatu, lakini hazikwi bila heshima.

Kilichonifungua macho ni msiba wa jirani yangu hapa, Baba Kulwa, Msukuma mwenye ng'ombe wachache waliobaki. Mke wake aliugua tumbo. Baba Kulwa akauza ng'ombe, hela zikaisha, akazunguka mashineni akiomba msaada ampeleke hospitali kubwa Mbeya. Kila mmoja wetu alikuwa na lake la kusema. Mimi nikasema sare za shule za Neema, mwingine kodi ya chumba. Tukampa pole, tukaendelea kubeba.

Mama Kulwa akafa. Kumbe hela tulikuwa nazo! Siku hiyo hiyo turubai likafungwa, spika zikaja, ng'ombe akachinjwa. Tajiri wa mashine, aliyekataa kumkopesha Baba Kulwa, akaleta gunia zima la mchele mzuri usio na chenga hata moja. Gari likakodiwa kuupeleka mwili kwao Shinyanga. Mimi nilitoa hata nisichokuwa nacho, maana majina yalikuwa yanasomwa kwenye kipaza sauti. Nilipokwenda kumpa mkono mfiwa, nilimkuta anawatazama watu wanavyokula. Akaniambia taratibu, "Wee Lusungu, hela hizi zingekuja juma lililopita, leo nisingekuwa na wageni." Wali ulinishinda, nikanawa mikono. Nimeona aibu mpaka leo.

Sasa sikia ombi langu. Mimi ni mwanachama kamili kama Mama. Michango yangu umeipeleka wewe mwenyewe kila msimu, hata ule mwaka mafuriko yalipochukua mpunga nikawa sina kazi. Nikifia huku, chama nakidai jeneza, gari la kunitoa Ubaruku mpaka Ilula, na chakula cha waombolezaji. Nenda kikaoni, Mama siku hizi hahudhurii, uwaambie hivi: fungu la Mama likae, roho yake itulie. Nadai langu. Nipewe nikiwa hai, likamtibu Mama, kisha wanifute kwenye chama. Mwenyekiti akisema kanuni hairuhusu, muulize kwa heshima, mbele ya watu wote, hiyo kanuni inamruhusu Mama afanye nini. Akikubali, Mama aambiwe nimepata mkopo kazini.

Najua utasema najichuria kifo. Mke wangu alisema hivyo hivyo. "Na ukifa, mwili wako mimi nitaupeleka wapi?" Nikamwambia makaburi ya Ubaruku yana nafasi, na udongo wake laini, wachimbaji hawatatoka jasho. Hakucheka. Akaninunia, akalala amegeukia ukutani. Asubuhi akapepeta chenga, akazifunga kwenye mfuko, hizo ulizopewa na dereva, akasema mumpikie Mama uji, maana uji unapita kooni bila kusumbua.

Sitaki kufa, dada. Na naogopa kulala ugenini mbali na Baba, hilo linaniuma kuliko kikohozi. Wewe na mimi tumekua tukijua nani atalazwa wapi pale nyuma ya nyumba, kama watoto wengine wanavyojua kitanda chao. Lakini Mama pumzi inamkatika leo, na mimi bado nabeba gunia. Wa kutangulizwa ni nani?

Nisalimie shemeji, mwambie mgongo haupendi baiskeli. Msalimie mjomba, na Mchungaji, aniombee bila kuuliza sana. Mama mbusu shingoni hapo hapo anapopaficha, umwambie ni busu la Lusungu. Mke wangu na Neema wanakusalimu.

Na ile nafasi yangu kando ya kaburi la Baba, msiiache iote majani. Pandeni nyanya. Mama akipona, atapalilia mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda,
Lusungu