Jina Uliloagiza, Baba

Mpendwa Baba,

Mtu uliyemtuma kutoka Nairobi amefika. Anasema unataka mtoto wangu aitwe Kyalo, kama wewe, na kwamba utakuja na watu wa magazeti. Sina mume, na desturi yetu Wakamba iko wazi: kijana wangu wa kwanza anachukua jina la baba yangu. Kesho wamama wanakuja kumpa jina. Niko na usingizi mpaka macho yanauma, lakini acha nikujibu wakati huyu mtu wako anamalizia chai. Naandika wazi, kwa vile wewe hupenda watu wengi wasikie.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinibeba mabegani hapa Machakos, ukinijaribishia michezo yako ya kuigiza? Ulikuwa ukiiga sauti ya chifu mpaka najikojolea kwa kicheko. "Mwende akicheka, inabaki," ulimwambia Mama. "Asipocheka, natoa." Hakuna mtu amewahi kunisikiliza hivyo tena.

Halafu polisi wakaingia ukumbini kukushika kwa sababu ya mchezo huo wa chifu. Mama alikuwa jukwaani, akiigiza mke wa chifu. Aliwaona, akakukonyeza utoke kwa mlango wa nyuma, akaanza kuongeza maneno ambayo hukuandika. Alimtukana chifu juu ya suruali yake, juu ya ng'ombe wake, juu ya kukoroma kwake. Polisi wenyewe wakakaa chini wakicheka, wakingoja mchezo uishe. Ulipofika mbali, wakamchukua yeye. Alirudi mguu mmoja haukunjiki. Mjomba Mutua, ndugu yake, ndiye alikuwa akitoka Wamunyu kumpelekea uji selo, na ndiye alimchongea mkongojo.

Wewe ulikuwa ng'ambo, unapigiwa makofi.

Serikali ilipobadilika ukarudi na mchezo mpya, ukumbi ule ule. Mama alivaa rinda lake la kanisa, akakaa mbele. Kumbe mke wa shujaa wako anamuuza mumewe kwa polisi, kwa debe la mafuta ya kupikia! Watu walicheka mpaka viti vikalia. Ukanitafuta kwa macho. Sikucheka, Baba. Ukaiacha ibaki.

Nyumbani ukasema, "Hiyo ni sanaa tu, Mama Mwende. Watu wanajua."

"Wanajua nini, Baba Mwende? Wanajua nini?"

Ukaomba chai.

Tangu hapo, sokoni ni "Mama Mafuta! Leo umeuza nani?" Hata watoto wa nasari. Aliacha kuuza nyanya. Na ulipoulizwa redioni kama mke huyo ni yeye, ulicheka, ukasema msanii haulizwi.

Sasa ajabu ni kwamba yeye ndiye ananisihi, hapa akimwosha mtoto: "Mpe tu jina la babako. Usituletee laana." Nampenda, lakini kwa hili sitamsikia. Siwezi kuita jina lako kila asubuhi, na yeye ameketi hapo amenyoosha ule mguu.

Usije kesho. Hao wa magazeti wapeleke kwingine. Nimekumbuka mabega yako nikiandika, na nimelia. Hayo machozi chukua, ni yako. Jina, hapana.

Ni mimi bintiyo uliyekuwa ukimsikiliza,
Mama Mutua