Mkoromo wa Mchana Ule

Shija,

Nimekasirika, na kwa kuwa huna tena mlango wa kugongewa, nakuandikia.

Unakumbuka unga ulipokatika mji mzima? Pusha wetu alizima simu, sisi wawili tukabaki na arosto chumbani kwenu Kirumba: mifupa inauma, tumbo linaendesha, usingizi hakuna. Ulinishika kichwa nikitapika kwenye beseni la mama yako la dagaa. Akatugombeza kwa ajili ya beseni, siyo kwa ajili ya unga, tukacheka huku tunatetemeka. Siku hiyo tulikubaliana: mzigo ukirudi, atakayesikia wa kwanza amwambie mwenzake, na hakuna kuvuta peke yako. Ulisema, "Nikikuficha, Mungu ananiona."

Wiki tatu baadaye nilipita kwenu mchana. Mama yako alinipokea mlangoni, kidole mdomoni, uso umechangamka. "Mwache alale, Nkwabi. Leo ndiyo amepata usingizi." Nikakusikia unakoroma, mkoromo mzito, wa kukwamakwama. Mimi, niliyewahi kuona watu wakikoroma hivyo na wasiamke, nikafurahi! Nisifurahi kwa nini, wakati nilijua mji mkavu? Nikaondoka kwa kunyata ili nisikuamshe.

Ungeniambia neno moja tu, Shija. "Mzigo umerudi." Ningevunja ule mlango.

Tulikuzika kwenu Sengerema. Tulipita darajani Kigongo. Wewe uliyependa kivuko kichelewe ili tule samaki wa kukaanga, safari hii gari halikusimama hata kidogo.

Mama yako akaniomba nikusanye nguo zako. Ndani ya soksi nikakuta karatasi mbili za kete, tupu. Mbili, kipimo chako cha zamani. Sasa nakunywa methadone, dawa ya kuachia unga, kila asubuhi, na nesi wa kliniki amenieleza: mwili ukikaa wiki kadhaa bila unga, hauwezi tena kuhimili kile ulichozoea, na ukali wa mzigo mpya haujui mtu. Arosto ilipoisha tulijiona tumekomaa. Kumbe ndipo tulipokuwa dhaifu kuliko siku zote.

Nimejaribu kujiambia ulinificha ili unilinde. Nakujua, bwana. Ulinificha kwa uchoyo, hukutaka tugawane. Uchoyo huo ndio umeniacha hai, na bado siwezi kukushukuru.

Mama yako sijamwambia. Anaamini ulikufa umeshapona, moyo tu ukasimama. Juzi mwaloni, anakouza dagaa, nilimsikia akimshauri mama mwenzake ambaye binti yake anajaribu kuacha unga: "Ukisikia anakoroma mchana, usimguse. Ndiyo anapona hivyo." Alisema kwa upole kabisa.

Kwa hiyo kesho nakwenda kwake. Nitamwambia kwamba ulikuwa unakosa pumzi, na mimi na yeye tulisimama mlangoni tukinyamazishana. Halafu tutakwenda pamoja kwa yule mama mwingine, kabla binti hajapata mzigo. Umeniachia kazi mbaya sana, Shija. Ulikuwa ndugu yangu.

Pumzika. Nakuahidi nitakaa naye mpaka amalize kulia, na unga siugusi tena. Lakini akiniuliza, "Na wewe hakukwambia?" sitakutetea. Nitamjibu: hakuniambia, mama.

Nkwabi