Aliyekuona Ukituma

Makere, Kasulu
Jumamosi, 12 Julai 2014

Mama mpendwa,

Nimejiapiza kwamba barua hii itakueleza yote, hata yale ambayo Bibi amenikataza kuyaandika kwa sababu utamcheka. Ukicheka itakuwa vizuri. Hicho ndicho tunachotaka kukijua.

Pesa za mabati zimefika. Zilifika siku ya Sabasaba tukiwa uani tunapura maharage. Simu ya Bibi ikatetemeka juu ya mkeka, nikausoma ujumbe: jina lako kamili, na kiasi ulichotuma. Mama, nilibaki nimesimama na fimbo mkononi. Wewe uko Urambo, ng'ambo ya Malagarasi, na vumbi la maharage tuliyokuwa tunayapiga lilikuwa halijatua. Mwalimu wa fizikia alikwisha kutufundisha mawimbi, na kwenye mtihani nilipata maswali yote, lakini siku ile ndipo nilipoyastaajabia.

Unakumbuka zilivyokuwa zikija zamani? Ulizishona kwenye pindo la kanga, ukampa Bwana Bukuru, utingo wa lori la maharage. Akifika hapa alikula kwanza, na hakuna aliyegusa chakula kabla yake. Ndipo Bibi akauliza, "Umemwona kwa macho yako?" Naye akajibu huku akilamba vidole, "Nimemwona, mama. Kanenepa kidogo. Nilimkuta anamtania muuza mkaa, anacheka, kafunika mdomo." Hapo tu ndipo Bibi alipofumua pindo.

Najua kwa nini unafunika mdomo. Ni lile jino lililovunjika ukinimenyea muwa. Nililia mimi badala yako, nawe ukaniambia, "Nyamaza, sasa nina dirisha."

Basi, siku ya Sabasaba Bibi akachinja jogoo. Nikamweleza kwamba hakuna mtu anayekuja; pesa zimo ndani ya simu, na tutazitoa dukani kwa Bwana Salumu. Huyu alihamia hapa baada ya wewe kuondoka. Anaongea Kiswahili cha pwani na ndiye wakala wetu. Bibi akafikiri. "Basi aliye nazo ndiye mgeni," akasema. Akafunga bakuli la kuku na ugali wa muhogo kwa kitambaa, akajitwika.

Dukani palikuwa na foleni. Kijana mmoja akanusa, akasema, "Bibi kaja na kuku. Sisi wa vocha tutahudumiwa kesho."

"Ukiwa na njaa sema, mjukuu wangu, usizunguke," Bibi akamjibu. Watu wakacheka, kijana akampisha.

Bwana Salumu akalitazama lile bakuli. "Bibi yangu, Mungu akubariki, lakini nimefunga."

"Tutangoja jua litue. Umemwona binti yangu?"

"Sijamwona. Hata pesa zenyewe sikuziona zikija. Ninachoona hapa ni jina lake tu."

"Na hilo jina lina afya?"

Foleni yote ikacheka, isipokuwa Bwana Salumu. Bibi akakataa kubonyeza namba ya siri. Akasema pesa zikae humohumo mpaka apatikane mtu aliyekuona. Nilimkumbusha kwamba huwa unapiga simu. Akasema salio lako hukatika kabla hajamaliza kusalimia, na tena sauti mtu huweza kuikaza; uso ndio hauwezi. Mama, mara ya mwisho ulipopiga ulikohoa, ukasema ni vumbi la tumbaku. Bibi hajasahau. Mimi pia.

Tukakaa kwenye benchi la Bwana Salumu hadi magharibi. Akafuturu kwa tende, akanawa, akala kuku wetu pamoja nasi, na kila mara Bibi alimsogezea mnofu. Aliposhiba akasema, "Nimekula chakula cha mgeni, na habari sina. Lakini yupo aliye nayo. Kule Urambo yuko mwenzangu, mtu wa duka kama mimi. Binti yako alisimama mbele yake, akampa noti mkononi. Huyo alimwona."

Bibi akaacha kutafuna. "Kumbe kuna mtu," akasema polepole.

"Yupo, bibi. Huku mmoja, kule mmoja."

Nilidhani nimeelewa ajabu ya jambo hili tangu uani, kumbe nilielewa nusu tu. Nilikuwa nikiwaza mawimbi yanayopita juu ya mto. Sasa nawaza mikono: wako, wa yule nisiyemjua, wa Bwana Salumu, kisha wa Bibi. Bibi yeye alikuwa na swali moja: "Huyo wa Urambo anakula nini?"

Ndiyo maana barua hii inakuja na basi pamoja na kifurushi cha maharage mapya. Si yako, usiyapike. Mpelekee huyo wakala wako, umwambie ni ya mgeni wa Bibi. Kisha simama mbele yake kama ulivyosimama siku ile, umwombe akutazame vizuri na kuandika mstari mmoja nyuma ya karatasi hii, kwa mkono wake, si kwa wako. Pesa zinangoja ndani ya simu, na mvua za Oktoba hazitangoja.

Bibi anakusalimu, na salamu zake humu hazikatiki. Kaa salama, Mama. Mimi mwanao Anjelina nakuomba jibu kwa basi hilohilo litakaporudi: siku ile ulipotuma, huyo aliyekuona alikukuta umefunika mdomo kwa kicheko, au kwa kikohozi?